Ushirika, kampuni au ubia? Kwa mafundi wanaotaka karakana iwe yao wenyewe

Mashine ya randa haikatwi vipande saba. Mimi hushika vitabu vya hesabu vya vikundi vidogo vya mafundi hapa Mombasa, na siku moja jioni nilikaa kwenye benchi la seremala, suruali imejaa vumbi la mbao, nikisikiliza mafundi saba wakibishana watajiandikisha kwa sura gani. Walikuwa wamechanga, wamenunua randa ya mtumba, wamekodi banda lenye umeme wa fezi tatu. Mmoja alitaka kampuni, kwa kuwa inaandikishwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, bila kupanga foleni. Mwingine alitaka ushirika, maana babake alilipiwa karo na pesa za ushirika wa kahawa. Wa tatu akasema tuchukue cheti cha kikundi, mengine baadaye. Ubishi wote ulikuwa juu ya ada na siku za kungoja, mpaka mzee wao, fundi wa makabati, alipoweka kikombe chini akauliza: "Na nikiondoka, hii randa nachukua kipande gani? Na nikifa?"

Hakuna aliyemjibu. Na ukweli ni kwamba kila sura ya kisheria waliyokuwa wakiitaja ina jibu lake kwa swali lile, na majibu hayafanani hata kidogo. Kwa hiyo nimelinganisha sura hizo kwa kipimo cha mzee: nani anapiga kura, kazi inalipwaje, na anayetoka anatoka na nini. Ada za kuandikisha nimeziacha kando. Ada hulipwa mara moja ikasahaulika, lakini hayo matatu mtaishi nayo kila mwezi.

Nitazungumzia Kenya zaidi, kwa sababu ndiko ninakofanya kazi, na Tanzania Bara kila inapotofautiana. Zanzibar ina sheria yake ya ushirika na Mrajis (msajili) wake, sitaigusa hapa.

Sheria ilimwandikia nani

Ninaposema ushirika wa wafanyakazi nina maana ya biashara ambayo wanaofanya kazi ndio wenye mali, na wenye mali ndio wanaofanya kazi. Maana hii inahitaji kushikwa barabara, kwa sababu neno "ushirika" kwetu limezoea vitu vingine. Sacco ya matatu, kwa mfano, ni ya wenye magari. Kanuni za Kenya za mwaka 2014 zinataka anayepewa leseni ya kubeba abiria awe chini ya shirika lenye magari yasiyopungua 30, ndipo sacco za barabarani zikajaa. Lakini dereva na kondakta, ambao ndio wanaolala na kuamka na lile gari, mara nyingi si wanachama. Wachongaji wa vinyago wa Changamwe, walio katika ushirika tangu miaka ya 1960, wako karibu zaidi na tunachokitafuta, ila hata pale kila mchongaji huchonga kinyago chake na ushirika humsaidia kukiuza. Mafundi chuma wa Gerezani, Dar es Salaam, walio chini ya ushirika wa DASICO, nao hufanya kazi kila mtu kwenye sehemu yake. Huo ni ushirika wa wazalishaji. Ni jambo jema, lakini si sawa na watu saba wanaotengeneza kitanda kimoja na kugawana bei yake.

Kenya inatumia Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490, iliyopitishwa kama Sheria Na. 12 ya 1997 na kurekebishwa 2004. Tanzania Bara ina Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013, ile iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Uzito wa sheria zote mbili uko kwa watu wawili: mkulima anayepeleka kahawa, maziwa au korosho, na mtu anayeweka akiba ili akope. Si ajabu. Ushirika wetu ulianzia shambani, na KNCU ya Kilimanjaro ilisajiliwa mwaka 1933 kwa ajili ya kahawa. Fundi anayeuza nguvu za mikono yake hakuwa akilini mwa walioandika. Hakukatazwa, ila nguo alizoshonewa ni za mtu mwingine, na ni juu yake kuzipunguza zimkae. Mahali pa kupunguzia ni masharti ya chama, yale ambayo Kenya huitwa pia sheria ndogo.

Mko wangapi?

Hili huamua mengi kabla hamjafika popote. Kenya, chama cha msingi cha ushirika kinahitaji watu wasiopungua 10 wenye sifa za uanachama. Tanzania, sheria ya 2013 inataka 20 hadi 30 au zaidi kwa ushirika wa kilimo, 20 au zaidi kwa akiba na mikopo, na 10 au zaidi kwa wenye ujuzi maalumu, kundi ambalo mafundi wataangukia. Mafundi wangu saba walikuwa wameshakosa ushirika wa pande zote mbili za mpaka bila kujua.

Kumi nayo ni idadi ya hatari. Sheria ya Kenya inampa Kamishna wa Maendeleo ya Ushirika uwezo wa kufuta usajili wa chama ambacho wanachama wake wamepungua chini ya idadi inayotakiwa. Mkianza mkiwa kumi kamili, siku mmoja akipata kazi Qatar na mwingine akarudi kijijini, mko mikononi mwa mtu mwingine. Mimi huwaambia watu waanze na kumi na wawili au kumi na watatu, wasiingie mlangoni na idadi inayogusa kizingiti.

Wenzetu wa Ulaya wameiona shida hii mapema. Hispania inaruhusu ushirika wa watu watatu, Uingereza vilevile watatu, na Ufaransa ushirika wa wafanyakazi unaweza kuanza na watu wawili. Ndiyo maana kule utakuta duka la mkate la watu wanne likiwa ushirika kamili. Kwetu watu wanne wenye moyo uleule hulazimika kuvaa koti la kampuni au la ubia.

Kampuni ya binafsi Kenya, kwa Sheria ya Makampuni ya 2015, inaweza kuandikishwa hata na mtu mmoja, na wanachama wake hawazidi 50. Ubia wa dhima yenye kikomo (LLP), kwa Sheria Na. 42 ya 2011, unahitaji wawili. Tanzania nako kampuni ya binafsi inaandikishwa kwa mtandao BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na ina kikomo kilekile cha watu 50. Ubia wa kawaida hauruhusiwi kuzidi watu 20.

Kura na hisa

Hapa ushirika unashinda, na unashinda wazi. Sheria ya Kenya inasema kila mwanachama ana kura moja tu, awe na hisa mbili au mia mbili. Zaidi ya hapo, hakuna mwanachama anayeruhusiwa kushika zaidi ya sehemu moja kwa tano ya hisa zote zilizolipiwa. Vitu hivyo viwili haviwezi kubadilishwa na mwanachama mwenye pesa nyingi hata akishawishi mkutano mzima, kwa sababu viko ndani ya sheria, si ndani ya masharti.

Kumbukeni tu jinsi kanuni ya moja kwa tano inavyogusa mchango wa mwanzo. Mara nyingi katika kundi kuna mmoja au wawili waliotoa nusu ya pesa za mashine. Wakiandikiwa zote kuwa hisa, wamevuka mstari. Dawa yake ni rahisi: kila mtu aandikiwe hisa sawa, na ile ziada iandikwe kuwa mkopo wa mwanachama kwa chama, wenye tarehe ya kulipwa. Nimeona watu wakiliacha hili kwa sababu "tunaaminiana". Kuaminiana ni kuzuri na kuandikiana kunakulinda. Mtu akiugua, mkewe hana namna ya kujua mliaminiana kiasi gani.

Kwenye kampuni mambo hugeuka. Kura zikihesabiwa kwa hisa, mwenye hisa nyingi ndiye mwenye neno. Katiba ya kampuni inaweza kuandikwa tofauti, hisa moja kwa kila fundi na kura moja kwa kila hisa, na huo ndio ushauri wangu kwa walio wachache. Lakini jueni udhaifu wake: katiba hubadilishwa kwa azimio maalumu la asilimia 75 ya kura. Mkiwa saba wenye hisa sawa, watano ni asilimia 71, hawatoshi, sita wanatosha. Maana yake mtu mmoja peke yake hawezi kuzuia sita wakitaka kuifanya karakana kuwa kitu kingine kabisa. Wawili wakisimama pamoja, wanaweza.

Jambo dogo la Kenya ambalo huwashtua watu: kampuni inatakiwa kuwasilisha daftari la wamiliki halisi, na kigezo ni kuanzia asilimia 10 ya hisa. Mkiwa saba, kila mmoja ana asilimia 14 na ushei, kwa hiyo wote saba wanaandikwa, na vitambulisho vyao, na namba za kodi zao. Si mzigo mkubwa. Ila yule asiyetaka jina lake lionekane ajue mapema.

Nimewahi kuitwa kuangalia vitabu vya karakana moja ya chuma ambayo mafundi wake tisa walijiona wamiliki. Aliyewajazia fomu za kampuni aliandika wenye hisa watatu tu, kwa kuwa wengine hawakuwa na namba ya kodi siku ile. "Wengine tutawaongeza." Miaka minne ikapita bila mtu kuongezwa. Nilipofungua karatasi za usajili mbele yao, fundi mmoja alizisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akitafuta jina lake. Sitaki kuona kidole kile tena.

Mwanachama anayelipwa

Hapa ndipo ile nguo ya mkulima inapobana kwapani.

Mkulima halipwi mshahara na ushirika wake. Anapeleka maziwa, ushirika unauza, anapata bei, na mwisho wa mwaka labda bonasi. Kwa hiyo sheria ya Kenya, katika kifungu cha 28 kinachounda kamati ya watu watano hadi tisa, ikaweka masharti ya nani hafai kuwa kwenye kamati. Mmoja wao ni yule anayepokea ujira, mshahara au malipo mengine kutoka kwa chama, isipokuwa kwa namna inayokubaliwa na sheria hiyo. Kwa ushirika wa maziwa kanuni hiyo ina busara: karani anayelipwa asijisimamie. Kwa ushirika wa mafundi, kila mwanachama analipwa na chama, kwa sababu ndiyo kazi yake. Ukiisoma kwa ukali, hakuna anayebaki wa kuchaguliwa.

Kifungu hichohicho kinamzuia kwenye kamati mwanachama anayefanya biashara ya bidhaa zilezile kwa faida yake binafsi, pale chama kinapouza bidhaa hizo. Seremala anayechukua kazi za pembeni Jumamosi ajiulize yuko upande gani wa mstari huo.

Hili lisiwavunje moyo, lakini lisiachwe lijitatue. Kabla ya kuandika masharti, nendeni kwa afisa wa ushirika wa kaunti mkiwa na ukurasa mmoja unaoeleza jinsi mtakavyolipana, mumwombe msimamo wake kwa maandishi. Kwa maoni yangu njia iliyo salama ni kuandika wazi katika masharti kwamba mwanachama hulipwa kwa kazi, kwa viwango vilivyopitishwa na mkutano mkuu, na kwamba kuwa kwenye kamati hakumwongezei chochote juu ya hicho. Kupanga viwango kusiwe kazi ya kamati. Hapo hofu ya sheria, ya mtu kujipangia mshahara, inakuwa imejibiwa.

Pia amueni ni malipo ya namna gani. Chama ni mtu kamili mbele ya sheria, kinaweza kumwajiri mwanachama wake. Akiajiriwa, sheria za kazi zinamfuata: Kenya ile ya Ajira ya 2007, Tanzania ile ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, pamoja na michango ya NSSF na, Tanzania, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Wapo watakaowaambia kwamba "mwanachama si mwajiriwa" ili mkwepe michango hiyo. Msikubali. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake Na. 193 la mwaka 2002, linaonya waziwazi dhidi ya ushirika unaoundwa ili kuzikimbia sheria za kazi. Na msumeno ukimkata mtu vidole, atakayekuja kuulizwa fidia ni nyinyi wenyewe, ndugu zake mkiwa mnawajua kwa majina.

Kwenye kampuni jambo hili halina utata. Mwenye hisa anaweza kuwa mkurugenzi na bado akawa mwajiriwa, na hakuna anayeshangaa. Kwenye ubia ni kinyume: mbia hajiajiri, anagawana faida, na kila mmoja hulipa kodi ya fungu lake. Kwa mafundi ambao mwezi mmoja wana kazi ya shule nzima na mwezi unaofuata hawana hata kiti, mgao wa faida unaweza kukaa vizuri zaidi kuliko mshahara. Lakini nidhamu ya kuweka akiba ya kodi inatakiwa, na sijakutana na wengi walio nayo.

Kuhusu kodi nitapita upesi. Kampuni hulipa asilimia 30 ya faida, Kenya na Tanzania. Ushirika Kenya una kifungu chake katika Sheria ya Kodi ya Mapato, cha 19A, kinachotambua bonasi na gawio vinavyorudi kwa wanachama. Kwa karakana ndogo inayolipa kazi kwa haki, faida inayobaki ya kutozwa kodi si kubwa kwa vyovyote, kwa hiyo msichague sura kwa sababu ya kodi.

Siku ya kuondoka

Turudi kwa mzee na randa yake.

Kwenye ubia wa kawaida jibu ni kali. Kama hamkuandikiana lolote, kutoka au kufa kwa mbia kunaweza kuuvunja ubia mzima na mali ikauzwa ili kila mtu apate chake. Tanzania ubia wa namna hii uko chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na madeni ya ubia yanaweza kumfuata mbia hadi kwenye kitanda chake cha nyumbani. Mimi siupendekezi kwa watu wanaokopa kununua mashine.

Ubia wa dhima yenye kikomo wa Kenya una afueni. Ni mtu kamili kisheria, unaendelea kuwapo mbia akitoka, na madeni yake ni yake. Msipoandika mapatano, sheria inaweka kanuni za kuanzia ambazo zinawapa wabia haki sawa katika mtaji na faida. Kwa watu watatu hadi tisa hii ni karibu sana na ushirika, bila jina. Unahitaji meneja mmoja aliye mkazi wa Kenya, na mapatano yaliyoandikwa kwa akili, hasa kuhusu bei ya fungu la anayetoka.

Kwenye kampuni, hisa ni mali. Mtu akifa inaingia kwenye mirathi, na mnaweza kujikuta mnaketi mkutanoni na mkwe wa marehemu ambaye hajawahi kushika patasi. Akiondoka akiwa hai anaweza kuishikilia hisa yake akaenda nayo Nairobi, akawa anangoja gawio huku nyinyi mkitoka jasho. Baada ya miaka kumi, nusu ya wenye hisa wako nje na nusu ya wafanyakazi hawana hisa. Hapo karakana ya wafanyakazi imeisha, ingawa hakuna aliyekula njama. Ndiyo maana nasema, mkichagua kampuni, kifungu kimoja ndicho moyo wa katiba yenu: hisa inamfuata anayefanya kazi, kazi ikikoma, hisa inauzwa kwa waliobaki kwa bei inayotokana na vitabu vya hesabu vya mwaka uliopita, na inalipwa kwa mafungu ili karakana isifilisike kwa kumlipa mtu mmoja.

Ushirika unajibu kwa upole zaidi. Mwanachama wa Kenya huandikisha jina la mrithi wake chamani, na akifa chama humhamishia mrithi huyo hisa au kumlipa thamani yake. Na kwa kuwa kifungu cha 14 kinataka mwanachama awe na umri wa miaka 18, awe na kazi au taaluma ambayo chama kimeundwa kwa ajili yake, na awe mkazi wa eneo la chama au anashika ardhi humo, mrithi asiye fundi hupata pesa na si kiti. Kifungu cha 14 ni rafiki wenu kwa jambo jingine pia. Ushirika unatakiwa uwe wazi kwa watu wote bila ubaguzi, na watu huogopa kwamba karakana italazimika kumpokea kila anayebisha hodi. Sifa ya kazi inawalinda. Ongezeeni kipindi cha majaribio katika masharti, miezi sita au mwaka, mtu afanye kazi nanyi kwanza kabla ya kupigiwa kura.

Mashine yenyewe haigawanywi. Sheria inataka sehemu ya ziada, yaani faida ya mwaka, iende kwenye akiba ya chama, na mnaponunua mashine kwa akiba hiyo inakuwa ya chama, si ya fulani. Anayetoka anachukua hisa zake, mkopo wake kama alikopesha, na mgao wa ziada uliokwisha tangazwa. Mzee wa makabati alipolisikia hili alitikisa kichwa kwa muda. Halafu akasema, "Basi vijana watakuta kitu." Alikuwa ameelewa kuliko mawakili wengi niliowasikia.

Kuna kifungu kimoja cha Wahispania ningependa mkiazime kwa masharti yenu, hata kama sheria zetu hazikilazimishi. Katika sheria yao ya ushirika ya 1999, saa za kazi za waajiriwa wasio wanachama hazitakiwi kuzidi asilimia 30 ya saa za wanachama. Bila mpaka wa namna hiyo, karakana ikinenepa, wanachama kumi huishia kuwa mabosi wa vibarua arobaini, na ubao wa nje bado unasema ushirika.

Nani anawaangalia

Ushirika una jicho la serikali juu yake. Kenya mnaanzia kwa afisa wa ushirika wa kaunti, maana Katiba ya 2010 iliweka vyama vya ushirika chini ya kaunti, na usajili unatoka kwa Kamishna. Kuna pia usajili wa muda kwa wasiokamilisha mahitaji yote. Tanzania maombi hupitia kwa afisa ushirika wa halmashauri na MUVU, mfumo wa mtandao wa vyama vya ushirika, hadi kwa Mrajis, mkiambatisha masharti, orodha ya waanzilishi na andiko linaloonyesha kwamba biashara itajiendesha. Hesabu zinakaguliwa kila mwaka, na Tanzania COASCO, shirika la umma la ukaguzi wa ushirika, wana mkono mrefu katika hilo. Ugomvi wa wanachama Kenya unakwenda kwenye Baraza la Maamuzi la Ushirika badala ya mahakama ya kawaida.

Wengine huona huo ni usumbufu. Kwa kundi ambalo halina mtu wa vitabu, mimi naona ni msaada: mkutano mkuu hauwezi kusahauliwa miaka mitatu mfululizo bila mtu kuuliza. Kampuni itawaacha mlale usingizi mradi ritani ya mwaka imepelekwa.

Lugha nayo ni kitu. Kenya, masharti yanayoambatana na maombi, nakala nne, yanatakiwa kwa Kiingereza. Yaandikeni kwanza kwa Kiswahili, mkae mkutanoni myasome kwa sauti kifungu kwa kifungu, ndipo mtafute wa kuyatafsiri. Mkianza na Kiingereza cha kunakili, mtatia sahihi masharti ya ushirika wa maziwa. Tanzania masharti huandikwa kwa Kiswahili na kila mtu anayafuata. Huo ni utajiri ambao wenzetu hawauhesabu.

Na kikundi?

Cheti cha kikundi, Kenya kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, na Tanzania kwenye halmashauri, hufungua akaunti na milango ya mikopo ya umma. Tanzania halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kama mnastahili, ombeni. Lakini kikundi ni cha kusaidiana na kujipanga. Kwa biashara yenye mashine, mkopo wa benki na mkataba wa pango, kitumieni kama ukumbi wa kungojea, si nyumba.

Ningechagua hivi

Mkiwa kumi na mbili au zaidi, wa kazi moja au zinazokamilishana, na mnataka karakana ibaki ya wanaofanya kazi hata waanzilishi wakiisha kuondoka, andikisheni ushirika, na mvumilie miezi ya mwanzo. Mkiwa chini ya kumi Kenya, ubia wa dhima yenye kikomo ikiwa mnagawana faida kila kazi inapoisha. Kampuni yenye hisa sawa na kile kifungu cha kuondoka, ikiwa mnalipana mshahara au mnataka zabuni za serikali na mikopo mikubwa. Mkiwa chini ya kumi Tanzania, kampuni ya namna hiyohiyo. Na ikiwa kati yenu kuna mmoja aliyeleta karibu pesa zote na anataka neno lake liwe la mwisho, semezaneni sasa hivi kwamba hiyo ni kampuni yake na nyinyi ni waajiriwa wake. Hakuna aibu ndani yake. Aibu ni kuiita ushirika.

Angalizo moja: Kenya kuna muswada mpya wa ushirika wa 2024 uliofika Bungeni. Muulizeni afisa wa kaunti ni sheria ipi inayotumika siku mnayokwenda, na mwombe aonyeshe kifungu.

Mafundi wangu saba walichukua wiki tatu kufikiri. Mwishowe walivuka barabara wakaongea na mafundi wa makochi, halafu na wale wawili wanaopiga vanishi chini ya mkungu, ambao siku zote walikuwa wakipewa kazi na kundi hilohilo. Sasa wako kumi na tatu. Rasimu ya masharti imeandikwa kwa Kiswahili kwenye daftari la kurasa 96, kwa mwandiko wa binti mmoja wa makochi, na kifungu cha kuondoka kimefutwa na kuandikwa upya mara nne. Bado wanabishana kama mafungu ya kumlipa anayetoka yawe ya miezi kumi na miwili au ishirini na minne. Mzee anataka ishirini na minne, ingawa yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kutoka.